Mgeni Njoo, Mkazi Apone

Hotuba kwa wahudumu wanaozungumza Kiswahili katika nyumba za matunzo za watu wazima wenye ulemavu wa akili na wenye usonji, Uingereza

Wazee mliopo, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, poleni na shifti. Najua humu ndani wapo waliotoka kazini saa mbili asubuhi hawajagusa kitanda, na wapo watakaoniacha katikati ya maneno kuwahi basi la shifti ya usiku. Mtakaosinzia nimewasamehe tangu sasa.

Nimeombwa nizungumzie ubora. Mnausikia kila siku: uko kwenye bango la mlangoni, uko kwenye mafunzo ya kompyuta mnayomalizia saa nane usiku, uko kwenye mdomo wa meneja siku mkaguzi anapotarajiwa na ghafla sebule inapata maua. Mimi leo maua siyataki. Nataka tuseme kwa nini nyumba yenye maua inaweza kuwa mahali pa mateso, na sisi tuliomo ndani tuna sehemu gani katika hilo.

Hoja yangu ni moja. Nyumba ya matunzo huharibika pale macho ya nje yanapozuiwa kuingia na maneno ya ndani yanapozuiwa kutoka. Na sisi tuliokuja kwa viza ya udhamini, ile inayomtegemea mwajiri, tunaweza kuwa sehemu ya kizuizi hicho bila hata kumgusa mtu vibaya. Najua maneno haya ni mazito, ndiyo maana nitaanza mbali kidogo.

Karibu na Bristol, mahali panapoitwa Hambrook, palikuwa na hospitali ya binafsi yenye vitanda 24, Winterbourne View, mali ya kampuni ya Castlebeck. Mtaniambia hospitali si nyumba ya matunzo. Kweli. Lakini watu walikaa humo miezi na miaka, wakala humo, wakalala humo, wakasherehekea siku za kuzaliwa humo. Kwao ndiyo ilikuwa nyumba. Walipelekwa na mamlaka za umma, wengi wakitolewa mbali na ndugu zao, na malipo yalikuwa kwa wastani pauni 3,500 kwa wiki kwa mtu mmoja. Kokotoeni wenyewe kwa mwaka, kisha mjiulize kama tatizo la pale lilikuwa fedha.

Tarehe 31 Mei 2011 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha yaliyokuwa yakifanyika. Mwandishi aliomba kazi ya uhudumu kama sisi, akaajiriwa, akaingia na kamera iliyofichwa. Watu wazima walipigwa makofi, wakaburutwa, wakakandamizwa sakafuni chini ya viti. Mwanamke mmoja alimwagiwa maji na nguo zake mwilini, akatolewa nje kwenye baridi. Wahudumu 11 walikiri makosa, na Oktoba 2012 mahakama ya Bristol ikawafunga 6 kati yao.

Hayo ndiyo watu wanayoyakumbuka, makofi na maji. Mimi nikisoma uchunguzi ulioandikwa na Margaret Flynn na taarifa ya serikali iliyofuata, sikai sana kwenye makofi. Nakaa kwenye karatasi. Mwaka 2010 peke yake ziliandikwa mara 379 ambapo wagonjwa walidhibitiwa kwa nguvu. Miezi mitatu ya kwanza ya 2011, mara 129. Ziliandikwa, ndugu zangu! Mtu alikaa chini baada ya kumlaza mwenzake sakafuni, akachukua fomu, akajaza tarehe na saa, akaweka sahihi. Wagonjwa wale walipelekwa chumba cha dharura cha hospitali ya jirani zaidi ya mara 70 katika miaka michache, kila safari na karatasi yake. Kila ofisi ilikuwa na kipande chake, na hakuna aliyevikusanya akauliza: hivi pale kuna nini?

Na ndugu za wagonjwa je? Walikuja kutembelea, wakapokelewa kwenye chumba cha wageni. Hawakuruhusiwa kuingia wodini wala kuona chumba anacholala mtoto wao. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni alinyweshwa chai karibu na mlango akarudishwa kwao, na mwenyeji akabaki kuugua.

Yupo mtu mmoja aliyesema. Terry Bryan, muuguzi mwandamizi, alimwandikia meneja wake Oktoba 2010. Akapeleka habari kwenye tume inayokagua ubora wa huduma, CQC. Akafuatilia, kimya. Ndipo akaenda kwa waandishi wa habari. CQC baadaye iliomba radhi. Nataka mlikumbuke jina hilo, kwa sababu aliyefungua mlango hakuwa mkaguzi wala waziri, alikuwa mtu wa shifti. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1967, katika hospitali ya Ely huko Cardiff, aliyetoa habari za wizi na ukatili dhidi ya wagonjwa wenye ulemavu wa akili alikuwa mhudumu msaidizi, ngazi yetu hii hii. Uchunguzi ukaja, ripoti ikachapishwa 1969, na kwa mara ya kwanza serikali ikaunda chombo cha kuzitembelea hospitali za aina ile. Wakati huo Uingereza ilikuwa na zaidi ya watu 50,000 wa namna hiyo waliofungiwa kwenye hospitali kubwa. Ilichukua mpaka 2009 kufunga ya mwisho.

Baada ya Winterbourne serikali iliahidi kwamba ifikapo Juni 2014 kila mtu aliyewekwa hospitalini bila sababu atakuwa amerudishwa kuishi karibu na kwao. Juni ikapita. Ikawekwa ahadi nyingine mpaka Machi 2019, nayo ikapita. Mwaka 2024 bado walikuwamo takriban 2,000.

Sasa kuna wanaosema hayo ni ya hospitali, sisi tuko kwenye nyumba ndogo za kawaida, wakazi watano, bustani, paka. Nami nawauliza kama wamewahi kusikia Mendip House. Ilikuwa nyumba ndogo Somerset, ya watu wazima wenye usonji, chini ya shirika la hisani lenye jina kubwa kabisa nchini katika mambo ya usonji. Ilifungwa 2016 baada ya wafanyakazi kutoa habari. Kundi la wahudumu lilikuwa limejitengenezea ufalme wake: wakicheza michezo ya video saa za kazi, wakiwadhihaki wakazi, mkazi mmoja akitambaa kwa mikono na magoti kwa amri yao, na wakitoka kwenda kula, wakazi ndio wanaowalipia wahudumu chakula. Paka na bustani havikusaidia kitu.

Na Whorlton Hall, hospitali ya binafsi, County Durham. Mei 2019 Panorama tena, kamera ya siri tena. Siku picha zile zinapigwa, alama ya CQC ya mahali pale ilikuwa "Nzuri". Miaka minne kabla, mkaguzi mmoja alikuwa ameandika kwamba wafanyakazi wanalalamikia ubabe, na ripoti yake haikuchapishwa. Sisemi alama ni upuuzi. Mimi mwenyewe nimewahi kukesha nikipanga mafaili ili nyumba yangu iipate hiyo "Nzuri", na nilifurahi tulipoipata. Nasema mkaguzi hukaa siku moja au mbili. Wewe unakaa humo saa 12, mara nne kwa wiki. Unayeijua nyumba ni wewe.

Kwa hiyo tuangalie unachokijua.

Palikuwa na mkazi mmoja, mwanamume wa makamo mwenye usonji, haongei kwa maneno. Faili lake lilisema "hushambulia wahudumu". Likaongezwa "bila sababu". Mimi maneno hayo mawili nikiyaona kwenye faili lolote huwa nasimama. Alianza vurugu asubuhi ya Jumatano, anakataa uji, anajipiga kichwa, ukimsogelea unakula ngumi. Alhamisi ametulia. Daktari akaongeza dawa. Jumatano ikaja tena vilevile. Aliyetatua ni dada mmoja wa usafi, si hata mhudumu. Alisema tu, Jumatano si ndiyo siku ya kujaribu king'ora cha moto? Taratibu za usalama wa moto zinataka king'ora kijaribiwe kila wiki, na pale fundi alikijaribu saa yoyote anayojisikia. Yule baba alikuwa anaamka anajua kelele itakuja, hajui lini. Fikiria wewe ukae hivyo, na masikio yanayoumizwa na kelele kuliko yetu. Tukaweka saa nne kamili, tukamwekea picha ya king'ora kwenye kalenda yake, na baada ya wiki chache yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akibonyeza kitufe, kwa fahari, na vipokea sauti masikioni. Dawa ikapunguzwa polepole.

Kuhusu dawa: mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya England ilikadiria kwamba watu wazima wenye ulemavu wa akili kati ya 30,000 na 35,000 walikuwa wakimeza kila siku dawa za magonjwa ya akili ilhali hawana ugonjwa ambao dawa hizo zimetengenezewa. Walikuwa wakinyamazishwa. Ukitoa vidonge saa mbili usiku, jiulize kila kimoja ni cha nini. Kama hujui, muulize muuguzi. Kama muuguzi naye hajui, hapo pana kazi ya kufanya.

Na maumivu. Mtu asiyeongea akibadilika tabia, anza na mwili: meno, masikio, choo. Naomba msicheke nikitaja choo. Watu wenye ulemavu wa akili katika nchi hii tajiri wamekufa kwa kufunga choo, tumbo limejaa, na kwenye daftari la makabidhiano kumeandikwa "alikuwa msumbufu mchana kutwa". Hufariki takriban miaka 20 mapema kuliko wengine, na sehemu ya vifo hivyo ingeweza kuzuilika kwa mtu mmoja aliyeshika kalamu akaandika kweli alichokiona. Kila mkazi mwenye ulemavu wa akili ana haki ya kupimwa afya yake yote mara moja kwa mwaka kwa daktari wake. Umewahi kuuliza wa kwako alipimwa lini?

Kisha mambo yanayoonekana madogo, ambayo kwangu ndiyo ubora wenyewe. Nani anaamua saa ya kulala? Nimeingia nyumba ambapo saa moja jioni, kiangazi, jua liko juu, watu wazima watano wamevaa pajama. Kwa nini? Ili shifti ya usiku ikute kazi imekwisha. Sheria ya mwaka 2005 ya uwezo wa mtu kujiamulia inasema kwanza mchukulie mtu kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, na inasema pia kwamba mtu asihesabiwe kuwa hawezi eti kwa sababu tu ameamua jambo lisilo la busara. Mkazi akitaka chipsi saa tano usiku mbele ya televisheni, hilo si la busara. Mimi pia nimekula chipsi saa tano usiku, na hakuna aliyenijazia fomu.

Hapa niseme na sisi wenyewe kwa wenyewe, maana wazungu hawapo. Tuna sifa nzuri katika kazi hii. Tumelelewa na kumwosha bibi, kumlisha babu, na hatuoni haya. Lakini tumebeba na mengine. Mtu ana miaka 52, sisi tunamwita "katoto kangu". Tunapika sebuleni mazungumzo ya Kiswahili, wawili watatu, juu ya kichwa cha mkazi aliyeketi katikati yetu, tunacheka, naye anatazama huyu anatazama yule, hajui kama anachekwa yeye. Iteni hiyo ndogo. Kwake ni siku nzima. Na lipo la tatu ambalo watu hulikwepa: wapo wenzetu wanaoamini usonji ni pepo, na usiku wanasimama kitandani kwa mtu kukemea. Nami ni mtu wa imani, na ninasali. Lakini kumkemea pepo juu ya mtu mwenye usonji ni kumtisha mtu asiyeweza kukuambia acha, na ukiniuliza, ni unyanyasaji. Kwetu tumewaficha wa namna hii uani miaka mingi. Tusiwafiche tena huku kwa malipo ya saa.

Sasa nifike kwenye kizuizi nilichokitaja mwanzoni. Kwa nini hatusemi?

Februari 2022 serikali iliruhusu kazi ya uhudumu kuingia kwenye viza ya afya na matunzo. Wengi wenu mlikuja kwa mlango huo. Wapo waliouza kiwanja, wapo waliochangiwa na ukoo mzima, wapo waliomlipa wakala fedha ambazo kisheria hakustahili hata senti. Machi 2024 wakazuia kuja na mume, mke na watoto. Julai 2025 wakafunga kuajiri wahudumu kutoka nje. Kwa hiyo uliye ndani unajua ukitoka hurudi. Na mwenye kukushikilia ni mwajiri. Akikuachisha, au akinyang'anywa leseni ya udhamini, kwa kawaida una siku 60 kupata mdhamini mwingine. Kati ya katikati ya 2022 na mwisho wa 2024, leseni zaidi ya 470 za waajiri wa matunzo zilisimamishwa au kufutwa, kwa hiyo hofu hii haitoki hewani.

Basi mweke mtu huyu, mwenye deni nyumbani na siku 60 kichwani, katika shifti ambapo kiongozi wa zamu anamsukuma mkazi ukutani. Unadhani atasema nini? Kuna waajiri wanaolijua hilo vizuri sana. Nimefanya kazi mahali, sipataji, ambapo meneja alipenda kuwapanga usiku watu wa viza peke yao, akisema "hawa hawana maneno". Alikuwa anatusifu. Mimi nilisikia baridi mgongoni, kwa sababu nyumba ambayo hakuna mwenye maneno ndiyo Winterbourne inapoanzia.

Siwezi kuwaambia msiogope. Niwaambie yaliyopo. Tangu 1998 ipo sheria inayomlinda mfanyakazi anayetoa habari za hatari au uvunjaji wa sheria kazini, na haimbagui mwenye viza. Haizuii mwajiri mbaya kukuonea, ila inakupa pa kumshitaki. CQC inapokea habari kutoka kwa wafanyakazi, hata usipotaka kutaja jina. Kila halmashauri ina kitengo cha ulinzi wa watu wazima walio hatarini. Ukiwapigia wanawajibika kuitazama habari yako, na hawaanzi kwa kukuuliza pasipoti. Kama mtu anapigwa sasa hivi, ni polisi, 999, na usiombe ruhusa ya meneja.

Andika. Tarehe, saa, nani alikuwapo, ulichokiona kwa macho yako, si ulichokisikia jikoni. Usipige picha ya mkazi kwa simu yako. Hapo utakuwa umevunja haki yake na kumpa mwajiri sababu ya kukufukuza. Jiunge na chama cha wafanyakazi kabla ya matatizo, maana vingi havishughulikii tatizo lililotangulia uanachama. Na msiende wawili wawili kunong'onezana kwenye maegesho. Mkiwa watatu mmeona jambo moja, andikeni watatu.

Na leteni wageni. Hili hata wa viza anaweza kulifanya bila kumgombeza mtu. Mama wa mkazi akipiga simu kuuliza aje lini, mwambie aje atakapo, apande mpaka chumbani, afungue kabati. Mtu asiye na ndugu, uliza kama ametafutiwa mtetezi wa kujitegemea. Mpeleke mkazi kwa kinyozi wa mtaani badala ya kumnyoa bafuni, mpeleke dukani, kanisani, msikitini, kwenye mpira, mpaka muuza duka amjue kwa jina na siku asipoonekana aulize yuko wapi. Mtu anayeulizwa na watu watano mtaani ni vigumu kumdhuru kimyakimya. Kama nyumba yako inasema haina wafanyakazi wa kutosha kumtoa mtu nje hata mara moja kwa wiki, hilo nalo liandikwe, na lifike halmashauri, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaolipa.

Nimepita muda wangu na naona dada pale anaangalia saa. Maswali nitayapokea. Wenye mambo ya udhamini, mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa amekaa meza ya nyuma karibu na birika la chai, halipwi na mtu humu ndani na atakaa mpaka saa kumi na mbili. Nendeni na barua zenu za udhamini na hati za mishahara ya miezi mitatu, si maneno matupu. Na mwenye jambo la mkazi asilotaka kulisema mbele za watu, asiondoke kabla hajaniona mimi.